Kakakuona Mwenye Manyoya

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata kazi! Si ya kuchora vichwa vya watu kwenye ukuta wa kinyozi. Kazi ya kitabu. Kitabu cha wanyamapori na ndege, cha shule za msingi, kurasa za rangi tupu. Mhariri amenipa wanyama sita. Ndege sita kapewa yule dada wa dawati la dirishani, ambaye nimeshambandika jina la Rula kwa sababu ya rula ndefu inayochungulia kwenye mkoba wake. Hupima kila kitu. Leo nimemwona akipima kivuli cha kikombe.

Jambo lenyewe ni jalada. Tarehe kumi na nne anakuja Mtaalamu, mtu aliyekaa porini miaka thelathini, kuchagua mchoro mmoja wa jalada. Mwenye mchoro huo jina lake linakaa mbele. Mwenzake anakaa ndani, ukurasa wa mwisho, kwa herufi za kusomwa na sisimizi.

Mhariri aliniuliza kama nimewahi kuwaona wanyama hawa. Nikamjibu kwamba nimewaona kwa macho yangu haya mawili. Si uongo. Televisheni nayo huangaliwa kwa macho.

Nyumbani nimemtangazia mama mkwe kwamba jina langu litakuwa kwenye jalada. Akauliza kama mchoraji ni yuleyule wa mlango wa bucha, aliyechora ng'ombe kama sanduku la nguo. Atajionea.

Jumanne, 4 Juni

Orodha yangu: twiga, nyati, ngiri, chui, kiboko, kakakuona.

Kakakuona ni nani?

Nimemuuliza mke wangu. Naye akaniuliza, kaka kaona nini? Nimemuuliza shemeji, yaani kaka yake, aliyekuja kututembelea siku mbili na sasa anamaliza mwezi wa tatu. (Mama mkwe alikuja kumchukua mwanawe. Naye akanogewa.) Shemeji amesema anamjua kakakuona vizuri sana. Kisha akalala.

Kamusi ya ofisini inasema: mnyama wa porini. Asante sana, kamusi.

Kabati la vitabu vya picha lipo, lakini funguo anazo Mhariri. Kuomba funguo ni kukiri. Siombi.

Jumatano, 5 Juni

Chui amekamilika, na bila jasho!

Mama mkwe ana blanketi zito lenye picha ya paka mkubwa wa porini, mdomo wazi, meno nje. Asubuhi alipokwenda kliniki nililitandaza mezani, nikaweka karatasi nyembamba juu yake, nikafuatisha mistari kwa penseli. Mnyama wa blanketi ana milia badala ya madoa. Hilo dogo. Nimempa madoa.

Penseli ilitoboa karatasi mahali kadhaa. Mama mkwe aliporudi akamkuta mnyama wake ana masharubu mapya meusi. Nikamwambia blanketi limechakaa. Akataka kujua ni uchakavu gani huo unaootesha masharubu kati ya saa tatu na saa sita.

Nimelifua. Blanketi likilowa maji lina uzito wa ng'ombe. Mgongo haufai.

Alhamisi, 6 Juni

Kiboko. Nilikuwa sijui nianzie wapi, mpaka nilipopita sebuleni baada ya chakula cha mchana.

Shemeji alikuwa kwenye kochi. Amelala chali, mdomo wazi, kidevu kimezama kifuani, mikunjo mitatu ya shingo. Nikavuta kiti taratibu.

Saa mbili nzima. Nilichora mikunjo, tundu za pua, kope nzito, ule mng'ao wa jasho kwenye paji la uso. Nzi akatua puani mwake, naye akatikisa sikio moja tu. Naapa! Nikachora na sikio. Shati nikalifuta, nikaweka maji ya mto. Sikumbuki kuchora kitu kwa furaha namna hii. Nilisahau hata kwamba ni ujanja.

Ijumaa, 7 Juni

Nimechungulia dawati la Rula alipokwenda kunawa brashi. Afadhali nisingechungulia.

Mdiria. Ndege mdogo wa buluu juu ya kijiti, samaki mdomoni, na tone la maji kwenye ncha ya mkia, karibu lianguke. Nilisimama pale nikisubiri lianguke.

Akanikuta. Nikamuuliza kapata wapi picha ya kuiga. Akasema haigi, kila asubuhi huenda kwenye dimbwi nyuma ya tanuru la matofali, mwezi wa nne sasa. Halafu akaniuliza kakakuona wangu anaendeleaje. Nikasema vizuri, yamebaki masikio.

"Lakini masikio yake si hayaonekani sana?" akasema. Na bila kuulizwa akaanza kunieleza. Kwamba kakakuona ana magamba mwili mzima, yamepangana kama vigae vya paa. Hana hata jino moja. Ulimi wake mrefu, unakaribia urefu wa mwili wake. Akiogopa hujiviringa kama mpira. Na hutembea kwa miguu ya nyuma!

Nilimshukuru kwa uso mkavu. Moyoni nilikuwa nacheka. Samaki kibogoyo anayetembea wima! Dada huyu analitaka jalada, mimi nalitaka jalada, halafu anisaidie? Ananiona wa juzi.

Ila kanisaidia bila kujua. Alichosema ni uongo, basi ukweli ni kinyume chake.

Jumamosi, 8 Juni

Kakakuona tayari. Manyoya laini ya kahawia. Meno thelathini na mawili, nimehesabu yangu kwenye kioo nikaongeza yaliyong'olewa. Masikio marefu, yanaonekana hata na kipofu. Ulimi ndani, kwa adabu. Miguu yote minne chini.

Mke wangu akauliza huyu ni nani. Nikamwambia ndiye kakakuona. Akamtazama, akasema basi kaka aliona makubwa.

Jumatatu, 10 Juni

Yule mdiria hanipi usingizi. Leo nimetumia mbinu. Nimemwambia Rula, kama siri baina yetu, kwamba nimesikia Mtaalamu hawezi kabisa kuvumilia rangi ya buluu. Inamletea kichefuchefu. Nikamshauri ndege wake ampake kijivu.

Alishangaa. Akasema ajabu, maana Mtaalamu ndiye aliyemfundisha kutazama ndege, kwa miaka sita, na hajawahi kumwona bila shati la buluu.

Nikasema labda ni mtaalamu mwingine.

Ijumaa, 14 Juni

Nitaandika yote, mabaya kwa mazuri.

Mtaalamu ni mtu mfupi, viatu vya vumbi, sauti ya chini. Shati la buluu. Michoro yetu ilitandazwa kwenye meza ndefu. Twiga wangu akapita. Nyati akapita. Ngiri akaambiwa ana miguu mirefu kidogo. Sawa.

Kwa chui akainama.

"Huyu si chui," akasema. "Huyu ni chuimilia amevaa koti la chui."

Akaongeza kwamba chuimilia porini kwetu hayupo, na hajawahi kuwepo. Mhariri akaandika kitu kwenye daftari lake.

Kwa kakakuona akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza huyu ni nani. Nikamwambia. Akauliza kama nimewahi kumwona. Nikasema kwa mbali.

"Mbali sana," akasema.

Hapo Mhariri akanigeukia. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema kitabu kinakwenda shule elfu moja. Kwamba kuna mtoto atakayemwona mnyama huyu mara moja tu maishani, humu ndani. Mara moja, na itakuwa sungura mwenye meno ya binadamu. Akasema anaweza kumpa mtu mwingine wanyama wote sita, kazi ingali na siku chache. Nikatazama viatu vyangu. Nilimwona mama mkwe mbele ya macho yangu, ameshika kitabu, anatafuta jina langu.

Mtaalamu alikuwa amefika kwa kiboko. Hakusogea. Akainama, akainuka, akainama tena.

"Aliyemchora huyu alikaa naye," akasema. Akaniuliza nilikaa muda gani. Nikasema saa mbili. Akauliza sikuogopa? Nikasema niliogopa asije akaamka. Akainamisha kichwa kwa heshima.

Jalada limekwenda kwa mdiria. Sikushangaa. Hata mimi ningempa.

Kilichonishangaza ni Rula. Alisema mtu aliyemchora kiboko namna ile anaweza kuchora mnyama yeyote, mradi amwone. Akasema kuna kakakuona anatibiwa mguu kwenye kituo cha wanyamapori nje ya mji, na kwamba Jumapili atanipeleka mwenyewe. Mhariri akafikiri, akanipa hadi Jumatano.

Nilipaswa kusema asante. Nilisema nitaangalia ratiba yangu.

Jumamosi, 15 Juni

Nimerudi na kiboko nyumbani ili angalau wamwone mmoja aliyesifiwa. Kosa kubwa.

Mama mkwe alivaa miwani. Akaisogeza karatasi, akaivuta. Halafu akauliza kwa nini mwanawe yuko mtoni.

Mke wangu aliingia jikoni akafunga mlango. Nilisikia akicheka ndani ya taulo. Mama mkwe hakucheka. Alisema kiboko ni mnyama wa heshima zake, hana neno naye, lakini mwanawe ana shingo, na yeye ndiye aliyeizaa.

Nikangoja hasira za shemeji. Alitazama mchoro muda mrefu. Akasema macho nimeyapatia. Anataka nakala kumi.

Jumapili, 16 Juni

Nimemwona kakakuona.

Kituo ni vyumba vitatu na ua wa mchanga. Muuguzi wa wanyama alituambia tukae chini, tusiongee. Tukakaa ukutani, mimi na Rula, madaftari magotini. Nilikuwa bado nasubiri atoke mwenye manyoya ili nimtazame Rula usoni.

Alitoka mwenye magamba. Kama vigae vya paa. Kichwa kidogo, hakuna masikio ya kuyasema, hakuna jino. Akainuka kwa miguu ya nyuma, ule mmoja umefungwa bendeji, akaja taratibu, mikono ya mbele ameikutanisha kifuani kama mtu aliyekuja kuomba radhi na hajui aanzeje. Akapita hatua mbili mbele yetu. Akanusa kiatu changu. Ulimi ukatoka, mrefu, mwembamba, ukarudi.

Sikuweza kuchora kwa dakika nzima.

Baadaye mtu aliangusha ndoo, na mnyama akajikunja palepale, akawa duara. Niliona huruma ambayo sikuijua. Nikachora duara. Nikachora na mwendo wake, na mikono ile. Nilijaza kurasa tisa. Penseli yangu ilipoisha, Rula alinikopesha yake.

Njiani nilitaka kumwambia Rula kwamba alinieleza ukweli wote, nami nikauona uongo. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Yalipofika mdomoni yakawa kwamba penseli yake ni ngumu mno. Akasema pole, ataleta laini.

Jumatano, 19 Juni

Nimekabidhi. Kakakuona mpya, mikono kifuani. Na chui mpya, kutoka picha za kabatini. Kuomba funguo kulichukua nusu dakika. Mhariri hata hakuinua kichwa.

Baadaye aliinua. Alimtazama kakakuona, akaniita kwa jina langu. Kiboko atakaa nyuma ya kitabu, jalada la pili, na jina langu chini yake, herufi za kusomeka! Mama mkwe amesema nyuma ni nyuma. Shemeji amesema kitabu kikilazwa kifudifudi, yeye ndiye atakayeonekana.

Ijumaa, 21 Juni

Kazi mpya! Kitabu cha pili. Safari hii tumebadilishana, Rula wanyama, mimi ndege wakubwa. Mtaalamu ndiye atakayechagua jalada tena.

Hata sijaketi vizuri, Rula kafika na penseli laini na maelezo. Eti mbuni ana vidole viwili tu kila mguu. Viwili! Ndege mzito kuliko mtu, asimame kwa vidole viwili. Na eti heroe, wale ndege wa waridi wa ziwani, hula kichwa kikiwa juu chini.

Nimemwelewa. Mara ya kwanza alisema kweli ili nimwamini, maana jalada lilikuwa lake tayari. Sasa kiboko wangu amesifiwa, na Rula ana hofu. Mtego wenyewe ndio huu. Mtu mwingine angenasa.

Nilimshukuru kwa uso mkavu. Mbuni wangu amekamilika kabla ya chakula cha mchana. Vidole vitano kila mguu, kama kiumbe mwenye akili zake.