Fer Isiyo na Makaa

Jumanne, 6 Novemba 2012

Bahati imenikumbuka! Mapendo, mpishi wa mtaa wa Keshero anayeimba kwaya moja na mke wangu, amepita hapa mtaani kwetu Ndosho na habari. Patron wake, Monsieur Edgard, mzungu mzee wa mambo ya barabara, anatafuta wazee wa kujaribu fer mpya. Ni fer za watu wenye mikono ya polepole. Atakayepiga vizuri kuliko wote anabeba moja kwake.

Huku kwetu pasi tunaiita fer, na kupiga fer ni kunyoosha nguo. Sasa nani katika Goma nzima anapiga fer polepole kuliko baba mkwe wangu? Muzee Wenceslas alikuwa fundi cherehani kijijini Kalengera, upande wa Rutshuru. Kola moja anaipiga mpaka chakula kinapoa mezani. Vita vilipofika Rutshuru mwezi wa saba aliacha cherehani, aliacha mbuzi, aliacha mlango wazi. Akaja kwetu na fer yake ya makaa kichwani, basi. Tangu hapo anakaa kwenye kiti cha kona na hacheki. Kila asubuhi anaifuta ile fer kwa kitambaa.

Mapendo anasema kasha la fer hizo mpya ni refu ajabu. Nikamweleza: bila shaka na meza ya kupigia imo humo. Akakubali. Mtu akieleweshwa vizuri anakubali.

Mpango ni huu. Muzee anashinda. Anapata fer ya kisasa. Monsieur anamchukua awe fundi wa nguo zake. Heshima ya muzee inarudi, na kila mtu anajua ni Achille aliyeirudisha. Kahindo, mke wangu, ameuliza kama nimemuuliza Papa, yaani baba yake. Nimemjibu kwamba mambo makubwa hayaanzi kwa kuuliza.

Alhamisi, 8 Novemba

Kikwazo! Sina veste, koti la heshima. Huwezi kumsindikiza bingwa Keshero ukiwa na jezi ya mpira.

Jirani yetu Birindwa, komisioneri, yaani dalali, kama mimi ila bila akili, ana veste ya kijivu yenye vifungo vya rangi ya dhahabu. Anaivaa kila Jumapili ili kunitesa. Nimemwomba. Amekataa. Kisha akatupia macho mlango wetu, akasema labda tungebadilishana na ile fer ya makaa.

Nimefikiri kidogo tu. Mtu mwepesi hahitaji zaidi. Jumamosi, siku ya mashindano, muzee atakuwa na fer mpya, ya zamani ya nini? Jogoo wa chuma wa kwenye mfuniko amekatika kichwa. Mpini umeungua upande mmoja. Muzee alipokwenda misa ya asubuhi nimeifunga ndani ya kitenge cha Kahindo, nikampelekea Birindwa. Veste inanibana kwapani, lakini ukinitazama kwa mbele, napendeza.

Muzee amerudi, amekuta kona tupu. Nimemwambia nimeipeleka kusafishwa kutu. Amesema asante. Afadhali angegomba.

Jumamosi, 10 Novemba

Aibu! Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeteguka.

Bustani ya Keshero inashuka mpaka ziwani. Wazee wawili walikuwa wameshaketi: katekista mstaafu na mlinzi wa zamani wa ghala. Nikatafuta nguo za kupiga. Hakuna. Meza, hakuna. Monsieur Edgard akafungua lile kasha refu, akatoa fimbo. Fimbo za chuma, chini zimepinda kama kijembe! Ni za golf, ule mchezo wa kupiga kampira keupe kwenye majani. Kumbe kwa Kifaransa nazo zinaitwa fer. Ningejuaje? Mapendo alijifunika uso na aproni.

Monsieur akaeleza taratibu. Tangu augue, bega lake halina nguvu, na fimbo zake za ujana zinamshinda. Mdogo wake anauza vifaa vya mchezo huo Ulaya, amemtumia hizi zilizotengenezwa kwa watu wanaozungusha mkono polepole, na anataka maoni yao. Chini ni pana, uzito wote umekaa huko, kwa hiyo mpira unapanda hata mkono ukiwa dhaifu. Ukikosa katikati ukagusa pembeni, bado unakwenda. Akasema hivi: fer hizi zinasamehe. Alitaka wazee wasiowahi kushika fimbo, ili ijaribiwe fer yenyewe, si ufundi wa mtu.

Hapo lango likagongwa. Birindwa! Kumbe na yeye Mapendo alimwambia. Ameingia na shati la kunyooshwa begani, na mkononi fer ya muzee, makaa yanawaka ndani, moshi juu. Mwizi! Alikuja kushinda kwa fer yangu. Yaani ya muzee.

Muzee alimwona yule jogoo asiye na kichwa. Akamtazama Birindwa. Akaitazama veste yangu. Kisha akatazama majani. Nilitamani ziwa lipande linichukue.

Nikaona nifanye kitu. Nikakamata fimbo, nikaizungusha kwa nguvu zote za ukoo wetu. Veste ikapasuka kutoka kola mpaka chini. Mkono ukalia. Kampira kakabaki palepale, kananiangalia. Monsieur akasema kwa upole kwamba mkono wangu una haraka mno, fer hizi hazikutengenezwa kwa ajili yangu. Birindwa alicheka mpaka makaa yakamwagikia kiatu chake. Hilo ndilo jambo zuri nililopata leo.

Ikawa zamu ya muzee. Mara ya kwanza akapiga hewa. Mara ya pili akachimba udongo. Mara ya tatu akapanua miguu kama mtu anayefyeka majani shambani, akazungusha polepole, kama hana habari na mtu. Kampira kakapanda! Kakapita ukuta, kakaenda kuanguka ziwani huko mbali. Halafu muzee akacheka. Miezi yote hii sijawahi kukisikia kicheko chake, sikujua kama ni chembamba hivyo.

Monsieur alimpigia makofi, akamuuliza anaionaje fer. Muzee akaigeuza, akaipapasa chini. "Iko muzuri," akasema. "Ila haina makaa." Monsieur aliandika maneno hayo.

Amepewa ile fimbo. Njia nzima aliiegemea. Mimi nilifuata nyuma, mgongo wazi.

Jumapili, 11 Novemba

Kahindo amejua yote. Hakupiga kelele. Ameniita kwa jina la mtoto wetu, akauliza lile swali lake: "Papa Nshobole, ulimuuliza Papa?" Sikumuuliza. Akaniambia fer ile ndiyo iliyomsomesha yeye na dada zake, nguo moja baada ya nyingine. Kisha akaendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo.

Nimekwenda kwa Birindwa kumwomba. Anataka kwanza veste yake. Nimemwonyesha vipande viwili. Amefunga mlango.

Naumia, na siyo mkono. Muzee amenisalimia asubuhi kama kawaida, ameuliza kama nimelala vizuri. Angenitukana ningejitetea. Ninajua kujitetea. Sasa nimebaki na maneno yangu yote ndani.

Jumanne, 20 Novemba

Mizinga tangu juzi. Watu wa kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya wamepita hapa wakielekea Mugunga, magodoro kichwani, kuku miguu juu. Leo waasi wameingia mjini. Mapendo anasema Monsieur Edgard alishavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na fer zake zilizobaki.

Birindwa naye amekimbia, njia ya Sake. Nimemwona: watoto, sufuria, na juu ya mzigo kabisa, fer ya muzee! Nikamfuata mbio nikipiga kelele asimame. Watu waliponiona nakimbia na kulia hivyo wakaamini naona askari nyuma yangu. Wakaanza kukimbia wote. Avenue yetu ilikuwa imetulia kidogo, nimeihamisha nusu. Mungu anisamehe. Birindwa nimempoteza kwenye vumbi.

Nimerudi, nimekuta Kahindo ameshafunga mizigo na muzee amekataa. Anasema alishakimbia mara moja, miguu imemaliza zamu yake. Ameketi mlangoni, fimbo katikati ya magoti, anatazama wanaopita. Tumebaki naye. Nilikuwa naogopa sana, lakini yeye aliangalia kila mzee aliyepita na kumsalimia.

Ijumaa, 23 Novemba

Hakuna umeme. Hakuna maji. Fer zote za umeme za mji huu zimekuwa mawe, na watu wamekunjamana kama magunia. Mwenye fer ya makaa leo angekuwa mfalme wa Ndosho! Nani aliitoa fer ya makaa ndani ya nyumba hii? Simtaji jina.

Asubuhi nikasikia harufu ya makaa. Nimetoka uani, nikamkuta muzee ameingiza kichwa cha ile fimbo ndani ya jiko. Akakitoa, akakifuta kwa kitambaa kibichi, akakilaza juu ya nguo. Kipana chini, kizito, kimelala sawasawa. Na mpini ni mrefu, kwa hiyo anapiga fer amesimama, mgongo hauinami. Polepole, kama kawaida yake.

Nguo gani? Veste. Ameishona mgongo kwa mkono, siku hizi zote za mizinga, na mimi nilifikiri anashona shati lake. Amenipa ikiwa imenyooka. Akasema mtu asitembee mgongo wazi wakati wa vita. Nimekwenda nyuma ya nyumba nikalia. Kwa nini nifiche? Daftari ni langu. Nililia.

Kufikia mchana majirani walikuwa wamejipanga na nguo zao. Mama Pascasie alileta gauni la kumzikia dada yake, muzee akalipiga kabla ya yote na hakutaka kitu. Wengine walileta maharagwe. Kiti cha kona kimekaa kitupu kutwa nzima.

Baadaye nilimpigia muzee magoti. Nikamwapia kwamba nitaitafuta fer yake ya makaa hata Sake. Amenishika bega. "Ile ilienda, iende," akasema. "Chakula munanipa. Kiti munanipa. Hii fimbo habakunipatia, mutoto yangu. Hii nilishinda." Kahindo aligeuka akajifanya anapepea jiko.

Nimeelewa. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Jumapili, 2 Desemba

Waasi wameondoka jana. Na leo, Birindwa huyo! Amekonda, amepoteza sufuria zote, lakini fer ya makaa anayo. Jogoo bila kichwa, mpini wa kuungua, ileile.

Nimevaa veste, nimekwenda mbio. Nimemwambia chukua yako, lete yetu. Ameigeuza, ameuona mshono, anasema hiyo si veste aliyonipa. Mtu mgumu! Kisha amesema kule Mugunga alisikia habari ya fimbo inayopiga nguo bila mtu kuinama. Mgongo wake umeharibika kwa kubeba mizigo. Akipata hiyo fimbo, fer ya makaa ni yetu, na veste nibaki nayo.

Moyo umeniruka! Hapo hakuna la kufikiri. Majuma yote haya sijala kwa raha, sijamtazama muzee machoni vizuri. Sasa atafungua macho na kuiona fer yake ya kweli, ya Kalengera, pale pale konani. Kosa langu litafutika lote kwa mara moja. Na veste juu! Najua alisema ile iende. Ni adabu tu. Wazee husema hivyo ili wasitusumbue.

Kahindo bado yuko kanisani na kwaya yake. Muzee amelala kidogo baada ya chakula, kwenye kiti, fimbo mkononi. Birindwa ananisubiri mlangoni na anakohoa kwa makusudi. Nimefungua vidole vya muzee kimoja kimoja, polepole, bila haraka hata kidogo. Mtu asiseme sijifunzi. Kidole cha mwisho kilikaza kidogo, kisha kikaachia.

Kahindo atarudi na lile swali lake. Lakini nani humuuliza mtu kabla ya kumfurahisha?