Mimi Halisi ni wa Kwenye Kioo

Jumatatu, 5 Juni 1911. Dodoma.

Alhamdulillahi! Mzee Yahaya wa Kondoa hajakataa posa yangu. Hajakubali pia. Amesikia kwamba mimi, Halfani, ni mpiga picha, basi Halfani ajipige, sura yake iletwe ionekane. Athuman, mchukuzi wa barua, anarudi Kondoa na punda wake Alhamisi.

Swaumu, binti yake! Sijapata kumwona. Mwaka jana walilala siku mbili nyumba ya jirani wa nyuma, yeye na mama yake, wakingoja gari moshi. Nikasikia kicheko chake nyuma ya ua. Mpaka leo nikikikumbuka, ugali haushuki.

Nimejipiga picha ya kujaribu. Balaa! Si mimi. Sikio langu lililochomoza, ambalo maisha yangu yote kioo kimenionyesha mkono wa kushoto, limehamia kulia!

Jumanne, 6 Juni.

Nimegundua! Kioo ndicho kinachonijua, tumekua pamoja. Kamera nimeinunua kwa Mgiriki wa reli miezi mitatu iliyopita. Itanijulia wapi? Dawa ni kukaa mbele ya kioo, kamera ikipige kioo. Barua nimeiandika kabisa: Mzee wangu, shikamoo. Huyo wa mbele msimjali. Mimi halisi ni wa kwenye kioo. Nikaisoma mara nne. Nikajipigia makofi.

Kioo kikubwa anacho Zaidi, fundi cherehani, jirani yangu. Simpendi. Mrefu, hana mke, na wanawake wanampelekea hata nguo ambazo hazijachanika. Amekubali kuniazima, kwa sharti aje nacho mwenyewe, maana mikono yangu anaijua. Asante kwa tusi! Lakini nahitaji mtu wa kuondoa kifuniko cha lenzi na kuhesabu mpaka sita. Atafaa.

Jumatano, 7 Juni.

Imepigwa! Upepo na vumbi, kama kawaida yetu. Bamba la picha nimebakiwa na moja tu, hakuna kurudia. Kioo tukakiegemeza ukutani, mimi nikaketi mbele yake. Zaidi akasimama ubavuni mwa kamera, akaondoa kifuniko, akakiinua juu, akahesabu. Akaniambia nisitikisike. Sikutikisika! Niligeuka tu kidogo kuona kama kiooni nimekaa vizuri. Mara tatu.

Zaidi akasema mbona kutoka pale aliposimama anajiona yeye. Nikamwambia fundi cherehani ashone.

Alhamisi, 8 Juni.

Picha nimeichapa kwa mwanga wa jua, imetoka. Yule wa mbele, kitini, amekuwa ukungu mtupu, hata sikio halionekani. Haidhuru, si ndiyo maana nimeandika barua? Lakini kiooni! Mwanamume huyo! Shingo ndefu, mabega mapana. Sikujua kama niko hivi. Mkono mmoja nimeuinua, nimeshika kitu cha duara. Sikumbuki kushika kitu. Tena nilidhani nimeketi, kumbe nilisimama. Kioo kina siri zake.

Athuman ameondoka na bahasha. Nimecheza peke yangu uani mpaka kuku wakakimbia.

Ijumaa, 23 Juni.

Wamekubali! Athuman amekuja na kaka yake Swaumu mwenyewe, kanzu safi, na kibuyu cha asali. Nikatoka nimefungua mikono. Akanipita kando, akaenda kumkumbatia Zaidi mlangoni kwake! Akamwita shemeji Halfani.

Zaidi akasema yeye siye Halfani. Akaeleza yote, kwa haki kabisa, lazima niseme. Kaka mtu akatoa barua yangu, akaisoma kwa sauti: mimi halisi ni wa kwenye kioo. Akauliza huu mwandiko ni wa nani. Nikasema ni wangu. Akauliza, na huyu mzuka kwenye kiti ni nani? Nikasema simjui.

Akatuambia Swaumu ameiona picha, amecheka kwa furaha siku nzima, na baba yake si mtu wa kurudisha neno kwa sababu ya jina. Zaidi akanivuta pembeni. Akasema mposaji ni mimi. Nikikataa yeye amwoe, atamrudisha mgeni leo hii. Kicheko kile! Nililia, sifichi, asali iko mdomoni. Lakini msichana akimtarajia yule, nimpelekee sikio? Nikamwambia Zaidi kheri haikataliwi.

Jumamosi, 24 Juni.

Nimeamka mzima kabisa! Nimefikiri, nimeliona kosa. Kioo kilikuwa kimoja tu. Kimoja kinatosha kumwonyesha nani?

Swaumu ana mdogo wake, Tabu. Kaka yao anasema huyo akicheka majirani wanajua. Zaidi, kwa shukrani, ananiazima tena kioo chake, na vingine viwili ameniagizia Dar es Salaam, vije na gari moshi.

Ila safari hii Zaidi hagusi kifuniko. Mimi si mjinga! Nimempata Sila, karani mpya wa stesheni. Mrefu, meno meupe, na akisimama hatikisiki hata inzi akimtua puani. Barua nimekwisha kuiandika.