Ukurasa wa Nakala Moja

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Bujumbura nzima hakuna anayechapa magazeti kama mimi, Muhanna wa mtaa wa Asiatique! Haya, nimedanganya. Sijawahi kuchapa gazeti. Nachapa kadi za harusi, na ile ya mwisho niliweka jina la mama mkwe mahali pa bibi harusi. Lakini leo kaingia Hugues, bosi wa manunuzi katika ofisi moja ya serikali, akafunga mlango nyuma yake. Anataka ukurasa wa gazeti wa tarehe ya mwezi uliopita, wenye tangazo la zabuni ya madawati ya shule. Sheria inadai zabuni itangazwe gazetini. Yeye hakutangaza, kazi keshampa shemeji yake. Akasema, nakala moja tu, mzee, ya kuweka kwenye faili. Nikamwambia, we Hugues, tangazo la nakala moja hata malaika hawatalisoma. Akasema ndiyo maana.

Jumanne, 7 Oktoba

Umeme! Ulikatika mashine ikiwa imemeza nusu ya ukurasa, na polisi wawili wamesimama mlangoni kwangu. Jasho hadi kwenye soksi. Kumbe wanakwepa jua tu. Umeme uliporudi, balaa jingine: chini pamebaki pengo. Gazeti gani lina pengo? Nikajaza: "Mgane, nguvu bado zipo, anatafuta mke mpole anayejua kukaanga samaki wa mukeke." Na namba yangu ya simu. Ukapendeza! Hugues akaukunja bila kuusoma, mbio.

Alhamisi, 9 Oktoba

Simu! Sauti ya kike, laini kama samli. Anaitwa Adélaïde, ameona tangazo langu gazetini, anaomba tuonane kesho. Nikacheza jikoni. Dada yangu Miza, ambaye ulimi wake haujawahi kuomba likizo, akauliza gazeti hilo lilitoka nakala ngapi. Moja. Iko wapi? Kwenye faili la Hugues. Akanitazama. Nikamtazama. Akasema, apana, kaka, huyo si bibi harusi, hiyo ni jela imevaa kitenge.

Nikasema siendi. Lakini nikawaza: kama ni polisi, nisipokwenda watanifuata. Kama ni mke, hatanifuata. Nikapiga pasi kanzu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mkahawa, mtaa wa Mutanga Nord. Petroli hakuna, nimekwenda kwa miguu, manukato yote yakaishia njiani. Mama mzuri, miwani, mkoba mzito. Akatandaza ukurasa mezani, akauliza kama namba ile ni yangu. Nikajibu kwa fahari kwamba ndiyo, na meno pia ni yangu.

Ndipo akasema yeye ni mkaguzi wa zabuni. Katika gazeti halisi la siku ile, ukurasa ule una habari za mpira. Akasema, mzee wangu, kwa umri wako jela si mahali pako, lakini karatasi hii ndiyo itakayowapeleka wewe na Hugues kwa jaji. Jumanne nifike ofisini kwake. Kuhusu mukeke hakusema neno.

Jumanne, 14 Oktoba

Miza kanisindikiza, amebeba blanketi langu la kulalia jela, analia na kunitukana kwa zamu. Kwenye korido tukamkuta Hugues. Anapiga mluzi!

Adélaïde katoka, macho mekundu. Ukurasa umetoweka, tena kutoka kabati lililofungwa kwa ufunguo. Bila ukurasa hakuna kesi, akasema. Nenda nyumbani, mzee.

Huru! Miza akanivuta mkono, twende, we mtu, twende! Lakini mama yule alikuwa na huzuni, na moyo wangu si jiwe. Nikamwambia asilie, kompyuta yangu hutunza kila kitu, kabla ya adhuhuri nitamchapia mwingine uleule. Miza akanifinya. Mluzi wa Hugues ukakatika.

Sasa niko dukani, mashine inanguruma. Tangazo langu nimeliongezea kidogo: "mgane mwenye msaada kwa serikali." Kwa kazi hii simdai Adélaïde hata faranga. Namdai jambo dogo tu: aje kuuchukua yeye mwenyewe, asitume polisi.