Joka Mlangoni

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Nimeteuliwa jaji! Chama cha wachezaji wa Lindi mjini kinatafuta kijitabu bora cha kisa kwa wachezaji wapya. Katika mchezo wetu mmoja anasimulia, wengine mezani wanakuwa mashujaa, na dadu huamua nani apone. Jaji mwenzangu ni Scholastica, mfamasia. Husoma hata maandishi madogo ya kwenye chupa. Kijitabu kimojawapo ni changu! Nilikichapisha kwa jina la mke wangu, Zuhura. Mwenyewe hajui.

Jumanne, 6 Agosti
Nimesoma cha Stefano wa Rutamba. Mashujaa wachanga wanamtafuta mbuzi aliyepotea kwenye mikorosho. Kimepangwa vizuri. Nimekichukia. Nimekikata alama: mbuzi hana hadhi. Changu nimekipa alama za juu. Nikazipunguza, nisishukiwe. Nikazirudisha.

Jumatano, 7 Agosti
Scholastica kapiga simu. Ati dawa haipimwi kwa kusoma lebo, kila kisa kichezwe kwanza. Nikasema muda hautoshi. Akasema kesho Nane Nane, watu hawaendi kazini. Nikasema nina homa. Akaniuliza dalili!

Alhamisi, 8 Agosti
Nimetoka Kilwa hadi Lindi. Tumeanza na mbuzi. Hussen, mchuuzi wa samaki wa Kiswere, hajawahi kucheza. Kampata mbuzi, karuka kwa furaha.
Kisha changu. Mashujaa wana fimbo na taa. Mlangoni mwa pango kuna joka. Hussen akarusha dadu: kafa. Akaomba shujaa mwingine. Naye kafa, chai haijapoa.
“Sasa ndani tunaingiaje?” akauliza.
Nikasema bila shaka mwandishi ana sababu nzito. Scholastica akasema vyema, namba ya huyo Zuhura iko nyuma ya kijitabu, atampigia amuulize.

Ijumaa, 9 Agosti
Nimeificha simu ya Zuhura kwenye debe la unga. Ikalia humo humo, naye anachota unga wa ugali! Scholastica akampongeza kwa kitabu chake, akamwalika Lindi. Zuhura akawa ananitazama mimi. Akajibu kwamba kesho atafika, inshallah. Kisha akanyoosha mkono, akadai kijitabu.

Jumamosi, 10 Agosti
Kutoka Kilwa hadi Lindi Zuhura alikuwa akisoma kijitabu. Mimi nasoma uso wake.
Mezani Scholastica akamuuliza kwa nini joka liwekwe mlangoni. Nikamwomba Mungu Zuhura adanganye.
“Mwandishi hataki wageni waingie,” akasema Zuhura. “Anataka waone alivyo mkubwa. Na mwandishi ni mume wangu, Pazi, huyu hapa.”
Nikatazama dari. Feni haikuwa inazunguka.
Kisha akashauri joka liwe na njaa, na mashujaa wawe na samaki. Wakacheza upya. Hussen akatoa samaki kwa ustadi, akapita! Meza nzima ikashangilia. Kisa changu! Sikuthubutu kupiga makofi.
Stefano kashinda. Mimi nimevuliwa ujaji. Kiti kapewa Zuhura. Njiani nikamwomba radhi. Akasema radhi nitaipata, ila jina lake nisiliguse tena.

Jumapili, 11 Agosti
Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona wazi: jina la mke liko karibu mno na mke. Nimeanza kisa kipya. Mama mkwe, Bi Kijakazi, anaishi mbali huko Njinjo, na simu yake mara nyingi haina chaji. Jina lake litapendeza sana kwenye jalada.