Shangazi, Jogoo na Chupa Tatu Zilizovikwa Nguo

Nimeaibika leo. Nimeaibika mpaka jogoo kanionea huruma, na huyo jogoo ndiye niliyepanga kumchinja kesho.

Nawaandikia nikiwa bado miguu mitupu. Kaeni vizuri.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni fundi cherehani hapa Lushoto, nashona sare za shule na majoho ya kwaya. Msichokijua ni kwamba tangu mwaka jana nimeshikwa na ugonjwa wa kuonja mvinyo. Si kunywa. Kuonja! (Nimewasikia mnavyoguna. Ngojeni kwanza.) Ilianza siku mteja mmoja aliyetoka kuoa aliponipa chupa kama shukrani ya suti. Nikanusa, nikasikia harufu ya kitu ninachokijua kabisa, nikashindwa kukitaja. Nilikosa raha wiki nzima. Kuanzia hapo nikawa natazama video za watu wanaozungusha glasi, na mimi nazungusha kikombe cha chai.

Mvinyo wangu ni wa kiwango cha fundi: wa zabibu za Dodoma, wa boksi, na ule unaotengenezwa na watawa huku huku milimani, ambao nimeupata juzi tu, sijauonja bado. Unazungusha, unanusa, unasukutua, unatema. Ndiyo, unatema! Ukimeza, hiyo ya tatu utaisifia hata kama ni siki.

Msaidizi wangu ni Athumani, jirani anayepeleka kabichi na karoti Mombo. Athumani ni Mwislamu asiye na mchezo, pombe haijawahi kugusa ulimi wake, kwa hiyo ndiye mtu pekee ninayeweza kumwachia chupa wazi. Yeye anamimina, mimi naonja na kukisia ni ipi. Tatizo lake ni uso. Akimimina ile ya bei ndogo, anacheka. Nikaamua nijifunge kitambaa machoni. Akaanza kucheka kwa sauti. Nikamwekea sharti: akiingia, hakuna kusema neno. Halafu tukagundua kwamba nachungulia kwa chini, maana pua lazima ibaki wazi. Basi na chupa nazo tukaanza kuzivika nguo.

Sasa shikeni hili, maana ndipo roho yangu ilipo. Nimepeleka posa kwa kina Neema, kule Mlalo. Mshenga akarudi na jibu fupi: "Tumesikia. Tutakuja kuangalia." Kwetu hilo lina maana yake. Kuna mtu atatumwa aone kijana anaishije, na wewe huambiwi ni nani wala ni lini. Anaweza kuja kuomba maji. Anaweza kuja anauza mayai. Atakachosema huyo, ukoo mzima unafuata.

Neema alinidokeza kwamba kwa vyovyote atatumwa Shangazi yake, ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki.

"Shangazi ana vitu viwili tu asivyotaka kuviona," aliniambia. "Walevi na waganga."

Nikacheka. Mimi? Fundi wa majoho ya kwaya?

Wiki nzima nimekuwa mtu wa kufagia. Uwanja nimefagia, mapazia nimefua, hata cherehani nimeisugua mpaka ikaona haya. Leo asubuhi mvua ikaamka na ukungu, milima huioni. Nikajisemea, mvua hii hakuna wa kutoka Mlalo. Leo naonja mvinyo wangu kwa amani.

Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Simu niliipeleka dukani kwa mwenye sola ikachajiwe. Ndani giza, nikawasha mshumaa. Mezani zimesimama chupa tatu ambazo Athumani alizivika jana jioni kwa mabaki ya vitambaa vyangu: moja chekundu cha sketi za shule, moja cheusi cha joho la kwaya, moja cheupe cha nguo za kipaimara. Chini kulia, beseni la kutemea. Jogoo mweusi niliyemnunua sokoni jana nilikuwa nimemfunga kwenye mguu wa meza, kwa sababu nje kunanyesha. Na mimi niko miguu mitupu, kwa vile sakafu nilikuwa nimetoka kuipiga deki.

(Rudini juu msome tena aya hiyo, safari hii kwa macho ya shangazi asiyetaka kuona waganga. Mimi sikupata akili ya kufanya hivyo.)

Dirishani nikaona kivuli kinapita kwenye ukungu. Athumani! Nikajifunga kitambaa machoni haraka haraka, nikakaa wima. Mlango ukasukumwa polepole. Baadaye nimeambiwa hodi ilibishwa mara tatu, lakini mvua juu ya bati ile, na kwaya kwenye redio ya betri, ningesikia nini?

"Umechelewa sana wewe!" nikafoka. "Vua viatu. Kaa hapo chini. Na usiseme neno mpaka nikuruhusu!"

 Nikasikia viatu vinavuliwa. Nikasikia kigoda kinavutwa. Na nikasikia beseni linasukumwa kidogo kwa mguu, lakini sikulitilia maanani.

"Anza na chekundu," nikasema.

 Halafu mvinyo ukamiminwa, kikombe kikaja mkononi mwangu kinatetemeka. Nikajisemea, masikini Athumani, leo baridi imempata.

Nikanusa. Nikanusa tena, kwa sauti, kama wale wa kwenye video.

"Moshi," nikasema. "Udongo uliolowa. Ngozi ya mbuzi... ya mbuzi aliyeanikwa juani." Nikanusa mara ya tatu. "Na kuna kitu kimefia humu ndani."

(Ilikuwa ile ya boksi, ambayo Athumani alikuwa ameihamishia kwenye chupa. Msinilaumu.)

Nikapiga funda. Nikasukutua kulia, nikasukutua kushoto, nikainua kichwa nikakoroma nayo kooni. Jogoo akawika! Nikageuka kulia, palepale beseni linapokaa siku zote, nikatema kwa nguvu zangu zote.

Sikusikia mlio wa beseni.

"USHINDWE KWA JINA LA YESU!"

Jamani. Nimemjua Athumani tangu tukiwa watoto. Hajawahi hata siku moja kunikemea kwa jina la Yesu.

Nikavuta kitambaa machoni. Palepale nilipotemea, kwenye kigoda, amekaa mama mtu mzima, mnene, amekumbatia kapu la plamu kifuani kama ngao. Mtandio wake ulikuwa mweupe. Nasema ulikuwa. Kuanzia kwenye sikio mpaka begani ulishakuwa mwekundu, na tone moja linamning'inia kwenye kidevu. Sura ile naifahamu. Neema ana picha yake kwenye simu, wamekaa pamoja siku ya Krismasi.

Nikapiga magoti. "Shikamoo Shangazi."

Hakuitika.

Nyie mnajua kwetu shikamoo isiyoitikiwa ni kitu gani. Hata mtu mliyegombana naye shamba anaitikia, halafu ndiyo anaendelea kukutukana. Yangu ilibaki hewani pale, juu ya mshumaa.

"Kumbe ndicho unachofanya," akasema taratibu. Sauti ilikuwa ya msibani. "Kumbe hizo nguo za kwaya ni kujifichia. Mimi mtoto wangu nimpeleke kwa mganga?"

"Shangazi, mimi si mganga!"

"Vitambaa vitatu hivyo! Jogoo mweusi! Mshumaa! Umenivua viatu mimi, umeniziba mdomo, umesema humu kuna kitu kimekufa, halafu umenitemea dawa!"

"Si dawa, Shangazi..."

"Ni nini?"

Hapo ndipo nilipoona mlango wa jela ukifungwa. Nikikubali uganga, Neema simpati. Nikikana uganga, itabidi nitaje kilichomo kwenye chupa. Nikamwangalia jogoo. Jogoo akaangalia pembeni.

"Ni... ni pombe, Shangazi."

Akafumba macho. "Afadhali ungekuwa mganga."

Wakati huohuo nani anaingia? Athumani, amelowa maji, kashika simu yangu aliyoipitia dukani, bila hodi kama kawaida yake.

"Leo umeanza bila mimi? Umeshatema ngapi?" Ndipo akamwona mgeni. Akaona mtandio.  Akanipa simu, na juu kabisa kuna ujumbe wa Neema wa saa moja asubuhi: "Shangazi kashuka na gari la kwanza. Tafadhali chupa zako zifiche!!!"

Asante sana, Neema wangu. Asante na wewe umeme.

"Wewe ni nani?" Shangazi akamuuliza Athumani.

"Shikamoo mama. Mimi naitwa Athumani, jirani."

"Marahaba." (Yeye kaitikiwa! Mimi bado niko magotini!) "Na wewe unakunywa haya mambo?"

"Haki ya Mungu, mama, mimi sinywi. Hata huyu hanywi. Huyu ni mwendawazimu tu. Ananunua pombe kwa hela yake, anaiweka mdomoni, anaanza kuongea mambo ya ngozi za mbuzi, halafu anaitema yote. Beseni namwaga mimi. Mgomba pale nyuma ndiyo umelewa, mama, si yeye."

Shangazi akanitazama muda mrefu, kama anayeangalia pindo kama zimenyooka.

"Anaitema?"

"Yote."

"Tena ya kununua?"

"Ya kununua, mama."

Akavuta beseni kwa mguu, akaliweka katikati yetu. "Onja hizo zilizobaki. Nione."

Marafiki, nimefanya mitihani mingi na kufeli kadhaa. Hakuna uliowahi kunitoa jasho kama huu. Athumani akamimina ya kitambaa cheusi, safari hii bila kucheka. Nikaonja, nikatema. Ya Dodoma, safi, haina neno. Shangazi hakupepesa macho.

Akamimina ya kitambaa cheupe.

Nisiwadanganye. Ilipogusa ulimi, nilisahau nilipo. Ile ya watawa ilikuwa tamu bila kukera, na nyuma yake kuna uchachu wa tunda lililochumwa na umande wake. Nikaijua! Ile harufu niliyoshindwa kuitaja tangu mwaka jana ilikuwa ni plamu, plamu za nyumbani, na kapu zima lake lilikuwa limekaa mbele yangu kwenye mapaja ya Shangazi. Mwaka mzima natafuta chupa kama hii. Koo linaniambia meza. Moyo unaniambia meza. Jogoo mwenyewe nadhani alikuwa anasema meza.

Nikamkumbuka Neema.

Nikatema. Nikatema mpaka tone la mwisho, na machozi yakanitoka.

"Unalia nini?" Shangazi akauliza.

"Ni nzuri sana, Shangazi."

"Na umeitema."

"Nimeitema."

 Alivua mtandio akaukunja vizuri, upande uliolowa ukawa ndani. Kisha akaanza kuongea huku anauangalia ule mtandio, si mimi.

"Marehemu mume wangu alikuwa anakunywa boha, hii pombe ya miwa, tangu jogoo la kwanza. Boha ya kununua, ya kukopa, ya kuomba. Nimekaa naye mpaka nikamzika. Sijawahi hata siku moja kuona pombe ikiingia kwenye mdomo ule ikarudi, isipokuwa siku aliyozidiwa."

 Nilimwonea huruma kweli, na nilijionea aibu mara mbili.

Akavaa viatu. Nikamwambia nitamshonea mtandio mpya, nitaupeleka Mlalo mwenyewe kwa mkono. Akasema si lazima, kisha akasema anaoupenda ni wenye pindo nyembamba. Kapu la plamu akaliacha mezani, katikati ya zile chupa zilizovikwa nguo. Athumani akamfungulia mwavuli. Mimi nimebaki mlangoni, naona maisha yangu yanashuka ngazi.

Alipofika kwenye ua, akageuka.

"Marahaba," akasema. Akaendelea na safari yake.

Nilikaa chini palepale barazani. Athumani anasema nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, lakini Athumani anapenda kutia chumvi.

Neema amenipigia sasa hivi. Shangazi alikuwa bado yuko njiani, akawapigia wazee simu na kuwapa taarifa yake. Neema kaikariri neno kwa neno: "Akili ya kijana si nzima sana, lakini ametulia, ana bidii, nyumba yake inang'aa. Na pombe anaitema. Nimeona kwa macho yangu, na ushahidi ninao kwenye mtandio. Andaeni chai, aje."

Aje! Mmesikia? Nimeitwa Mlalo! Jogoo nimemsamehe, hachinjwi tena, amekuwa shahidi. Na kitambaa cheupe cha kipaimara nimeshakitandika kwenye cherehani, nashona mtandio wenye pindo nyembamba kuliko zote nilizowahi kushona.

Basi naombeni msinicheke. Vinywaji vya harusi nachagua mimi, na nitakayemsikia kacheka nitamwekea mezani ile ya mbuzi aliyeanikwa juani, na huyo haruhusiwi kutema.