Walivyonifuata Hadi Nyuma ya Jiko la Kanisa

Leo nimefedheheka mbele ya wazee wote wa mtaa wa Kapsoya, na kwa kuwa ni mimi ninayewaandikia habari katika kundi hili la simu, sioni ni nani mwingine anayestahili kuitangaza. Nimekwisha kusoma mnayosambaza. Kuna aliyeandika kwamba nilipandwa na mapepo. Kuna aliyeandika kwamba ilikuwa jana. Ilikuwa leo, Jumatano, asubuhi, na mapepo hayakuwapo. Tangazo la kliniki ya macho na lile la mazishi ya Soy nitayaweka jioni. Kwanza acheni nijizike mwenyewe.

Kwa walioingia kundini hivi karibuni: mimi ni Mama Nafula, mjane, kiongozi wa mazoezi ya wazee yanayofanyika kila Jumatatu na kila Jumatano katika uwanja wa kanisa. Shule niliianza nikiwa tayari nina wajukuu. Niliketi kwenye dawati ambalo magoti yangu yalikataa kabisa kuingia chini yake, na cheti changu cha darasa la nane kinaning'inia sebuleni kando ya picha ya marehemu mume wangu. (Cheti kiko juu kidogo kuliko picha. Marehemu alikuwa mtu mpole, hajawahi kulalamika.)

Jinsi nilivyofundishwa ndivyo ninavyofundisha. Mwalimu wetu aliandika ubaoni, nasi tukanakili. Alitamka, nasi tukatamka. Basi nilipokabidhiwa wazee niliwapa kanuni moja: fanya ninachofanya, sema ninachosema, usiulize. Kanuni hiyo ina sababu. Wengi wao hawasikii vizuri. Mzee Kiprono, anayesimama mbele kabisa na fimbo yake, masikio yake yalistaafu kabla yake. Ukimwambia "inua mkono" atakujibu kwamba mahindi yake bado yako shambani. Lakini ukiinua mkono, atauinua. Ndiyo maana kundi letu likinyanyua mguu, linaunyanyua kama mtu mmoja. Najivunia jambo hilo, na ninaomba mlikumbuke mkiendelea kusoma.

Sasa, Jumamosi hii ni Siku ya Wazee katika uwanja wa mjini, na kila mwaka kundi moja huchaguliwa kuifungua kwa mazoezi. Mwaka jana walichaguliwa wazee wa mtaa wa Huruma, waliovaa suti za michezo za rangi moja. Sisi tulikalishwa nyuma ya hema, karibu na jenereta, na chai ilitufikia ikiwa imeshavaa ngozi. Siku ile nilisimama mbele ya kiongozi wao nikamwambia, kwa sauti ambayo huenda ilizidi kiasi, "Mama, mwaka ujao jenereta itakuwa yenu." Tangu hapo wazee wangu hawajaniacha nisahau. Kila Jumatatu mmoja wao huniuliza, "Mwalimu, hiyo jenereta tumeihama ama bado?"

Kwa hiyo leo ilikuwa siku yenyewe. Afisa wa ustawi wa jamii, binti anayeitwa Chebet, alikuwa akizungukia makundi yote, na letu lilikuwa la mwisho.

Niliamka mapema. Mnaijua baridi yetu ya asubuhi. Nilivaa gauni langu refu la kijani, kitambaa cha kichwa cha rangi hiyohiyo, na ndani ya gauni nikavaa suruali ya pajama ya marehemu, ya mistari ya buluu na nyeupe. Nilijiambia: ni nzito, ina joto, tena nani ataiona? (Wekeni swali hilo akiba.)

Nilipofika uwanjani wazee walikuwa wamekwisha kupanga mistari mitatu, wafupi mbele na warefu nyuma, isipokuwa Mzee Kiprono, ambaye ni mrefu lakini huwezi kumwondoa mbele. Kwa kawaida mimi husimama mahali tambarare karibu na lango. Leo niliona kwamba Afisa amewekewa kiti mbali kidogo, nikahofia hataniona vizuri. Karibu na ua wa miti ya misipresi kuna kichuguu kidogo cha udongo. Nikapanda juu yake.

Mama Atieno, jirani yangu, mwanamke wa upande wa Ziwa ambaye ulimi wake haujui kunong'ona, aliniita kutoka mstari wa pili.

"Mwalimu, shuka hapo! Hii mvua ya juzi imetoa wadudu. Jana nimeona laini yao hapo imenona kama kamba ya ng'ombe!"

"Atieno," nikamjibu, "kiongozi lazima aonekane."

"Sawa," akasema. "Utaonekana."

Tukaanza. Nikanyoosha mikono na kusema, "Moja!" Wakanyoosha, wakaitika, "Moja!" Tukazungusha shingo. Tukazungusha mabega. Tukakanyaga chini, kushoto, kulia, na ardhi ikatingishika hata ndege wakaruka kutoka kwenye misipresi. Afisa Chebet, aliyekuwa amekaa kama mtu aliyekwisha kuona wazee wengi wakiinua mikono, akaacha kuchezea simu yake. Nilimwona. Nikavimba kifua. Moyoni nikaiaga jenereta.

Hapo ndipo nilipohisi kitu nyuma ya goti.

Ninyi mliokulia huku mnawajua siafu. Hawaumi wakipanda. Hupanda kimya kimya, hujipanga, husubiriana, na wakishafika wote wanakotaka, huuma kwa pamoja. Nadhani nao wana mwalimu wao.

Nikajipiga paja. Pa!

Uwanja mzima: Pa!

Nikajipiga paja la pili, kisha makalio. (Niwieni radhi. Nilipoahidi kuandika habari za kweli sikujua zitafika huko.) Nyuma yangu hakukuwa na mtu, mbele yangu kulikuwa na mistari mitatu ya wazee wanaoheshimika, washiriki wa meza ya Bwana, wakijipiga makalio kwa mpigo mmoja.

"Uuwi!" nikapiga ukemi.

"Uuwi!" wakaitika.

"Mungu wangu!"

"Mungu wangu!" Mzee Kiprono aliisoma kwenye midomo yangu, akaitoa kwa sauti ya mtu aliyeokoka asubuhi hiyo.

"Hapana! Acheni!"

"Hapana! Acheni!"

"Hili si zoezi!"

"Hili si zoezi!"

Nilishuka kutoka kwenye kichuguu kwa kuruka. Wakaruka. Si juu sana, lakini waliruka. Mmoja wa siafu alikuwa amefika shingoni, nikavua kitambaa cha kichwa na kukitupa. Vitambaa vikapaa, na kofia za sufu za wazee zikafuata, moja ikaangukia kiti cha Afisa. Nikaona sina la kufanya ila kukimbia.

Nyuma ya kanisa kuna jiko la mabati ambamo huchemshiwa chai ya Jumatano. Huko hakuna anayeona. Nilikunja gauni mkononi nikakimbia, mimi ambaye tangu mwaka alipofariki mume wangu sijakimbia hata kwa sababu ya mvua. Nilisikia vishindo nyuma yangu. Nikajiambia, ni Atieno anakuja kunisaidia. Rafiki wa kweli huonekana siku ya taabu.

Nikafika nyuma ya jiko. Nikageukia ukuta. Nikainua gauni hadi kiunoni na kuanza kuwang'oa siafu mmoja mmoja kutoka kwenye pajama ya marehemu, huku nikiwataja kwa majina ambayo sitayaandika hapa.

Vishindo vikanyamaza.

Halafu mtu akakohoa.

Niligeuka taratibu, gauni likiwa bado mkononi. Walikuwa wote. Wote! Walikuwa wamejipanga tena katika mistari mitatu, wafupi mbele na warefu nyuma, wakihema, kama nilivyowafundisha. Wanawake walikuwa wameshika pindo za magauni yao, wakiningoja nihesabu. Mama Atieno lake lilikuwa limekwisha kufika magotini. (Yeye alijua. Naandika hapa waziwazi, mbele ya kundi zima: Atieno alijua.) Na mbele kabisa alikuwa Mzee Kiprono, uso wake umejaa bidii, mikono yake miwili ikipapasa ukosi wa koti, kisha mkanda, kisha ukosi tena.

"Mwalimu," akauliza kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, "sisi wa suruali tunainua nini?"

Niliangusha gauni. Ningeweza ningejiangusha nami ndani ya sufuria ya chai. Wakati huohuo Afisa Chebet akatokea kwenye pembe ya jiko, kofia ya sufu mkononi, pumzi zimemwisha. Alitazama mistari. Akanitazama mimi. Akatazama chini, kwa kuwa mistari ya buluu na nyeupe ilikuwa bado inachungulia kwenye vifundo vya miguu yangu.

Nikawaza mambo mawili. La kwanza, kwamba ningeweza kunyamaza. La pili, kwamba nimewaandikia wazee hawa habari kila wiki na sijawahi kuwadanganya hata kuhusu tarehe ya tangazo.

"Afisa," nikasema, "nitakueleza ukweli. Ulichokiona si zoezi. Ni siafu."

Macho yakamtoka. "Siafu! Wote hawa wameumwa?"

"La. Siafu walikuwa wangu peke yangu."

Akawageukia wazee. Akamkaribia Mzee Kiprono na kumwuliza kwa nguvu sikioni, "Mzee, wewe siafu wamekuuma?"

"Siafu gani?" akasema Mzee Kiprono. "Mimi sijaona siafu."

"Sasa ulikuwa unakimbia nini?"

Mzee akamtazama kama anayeulizwa kwa nini jua huchomoza. "Mwalimu amekimbia."

Basi yule binti akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kofia ya mtu. Nami nilisimama wima. Nilifikiria hema. Nilifikiria jenereta, na chai yenye ngozi, na jinsi nitakavyowatazama watu wangu usoni Jumatatu ijayo.

Alipopata pumzi, Afisa akauliza, "Fimbo ya huyu mzee iko wapi?"

Tukatazamana. Mzee Kiprono akajitazama mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Fimbo haikuwapo. Nilichungulia kwenye pembe ya jiko, nikaiona kule mbali, imelala kwenye nyasi pale alipokuwa amesimama mbele ya wote. Mtu huyu, tangu Jumatatu ya kwanza alipojiunga nasi, hajawahi kutoka langoni hadi kwenye mstari bila fimbo hiyo. Leo alikuwa ameuvuka uwanja mzima bila kuikumbuka, na hata sasa alikuwa amesimama bila kuegemea kitu.

"Ee," akasema Mzee, akiwa ameshangaa kidogo. "Kumbe nimekuja na miguu."

Sitaficha kwamba machozi yalinitoka. Niliwaambia ni ya siafu.

Afisa Chebet akasimama, akajikung'uta sketi. "Mama Nafula, nimezunguka makundi yote. Watu wananyoosha mikono mara mbili wanaketi, wanangoja soda. Hawa wako wamekuskiza mpaka nyuma ya jiko. Jumamosi ni nyinyi mnafungua."

Kelele iliyopigwa hapo, sijui kama Huruma hawakuisikia. Mama Atieno alinikumbatia akanipaka jasho lote, akaninong'oneza sikioni (kumbe anaweza!), "Si nilikwambia utaonekana?"

"Lakini," Afisa akaongeza, "hiyo ya mwisho pia muifanye. Ile ya pa, pa, uuwi. Hiyo ndiyo kali."

Nilimjibu kwamba tutalijadili. Tumelijadili. Wazee wamepiga kura wakati wa chai, chai ya moto, na nimeshindwa vibaya sana. Zoezi litafanywa lote, pamoja na ukemi, ila mbio zitaishia kwenye jukwaa la wageni.

Haya basi. Habari ndiyo hiyo, na sasa mmeipata kutoka kwa mwenyewe. Mwili bado unaniwasha, pajama ya marehemu iko kwenye kamba, na nimeitazama picha yake sebuleni mara mbili; naapa anatabasamu kuliko jana. Somo nililolipata ni kwamba mtu akitaka sana kuonekana, na achunguze kwanza anaposimama.

Tangazo: tunakutana uwanja wa mjini Jumamosi saa tatu kamili asubuhi, si saa tatu na nusu. Wanawake, vaeni suruali ndani. Anayetaka kunicheka amalize kabla ya Ijumaa jioni. Na wewe Mzee Kiprono, atakayekusomea ujumbe huu akusomee kwa sauti: ninyi wa suruali hamwinui chochote.