Mawe Tisa Meupe ya Karuba

Jumatatu, 9 Juni 2025

Swali hili limenisumbua tangu chuo kikuu, nilikosomea uhandisi: watu wawili wakifika njia panda kwa wakati mmoja, pasipo taa wala polisi, nani ampishe mwenzake? Mwezi uliopita Papa Nsengimana aligongwa na pikipiki hapa Karuba, akafa. Nami nilikuwa na jibu ndani ya daftari! Mzunguko. Mawe tisa meupe katikati. Kila mtu apunguze mwendo, azunguke. Kanyamibwa, rais wa wanamotari, waendesha pikipiki za abiria, anayeongoza njia panda yetu kwa filimbi na majigambo, alicheka hadi filimbi ikamdondoka. "Mama Ingénieur, hapa priorité ya kupita iko ya mwenye hana breki. Hata ngombe inajua!" Wivu, nadhani. Ingawa huenda si wivu.

Jumanne, 10 Juni

Mawe yamepangwa, yamepakwa chokaa. Duara zuri! Lori la mbao kutoka Walikale likasimama. Dereva akauliza barrière hii, kizuizi cha kutoza wapitao, ni ya kundi gani la silaha. Nikamjibu ni ya jiometri. Akasema kundi hilo hajalisikia bado, akanikabidhi sigara mbili, akaomba apite. Wanamotari wote wanakatiza shambani kwa Mama Athanasie. Ajali: sifuri. Wapitaji: karibu sifuri.

Alhamisi, 12 Juni

Kaka yangu Théoneste alishuka mlima na chukudu yake, baiskeli ya mbao isiyo na pedali: magunia manne ya viazi, breki ni kipande cha tairi na kisigino. Kanyamibwa akapuliza filimbi. Wote wakampisha, kama siku zote. Mawe hayakumpisha.

Mguu umevunjika mahali pawili. Kanyamibwa hakunicheka. Alimpakia kwenye pikipiki yake mwenyewe hadi kituo cha afya, kisha akaniomba, kwa sauti ya chini, niondoe mawe. Aliniita Mama tu.

Jumapili, 15 Juni

Muganga wa kituo cha afya anasema Théoneste atatembea, lakini chukudu basi. Mke wake, Umwali, haitikii salamu yangu. Kisigino kile ndicho kilicholisha watoto watano. Kanyamibwa ameyaondoa mawe mwenyewe, na njia panda inapitika. Huenda ukweli ulikuwa kwake tangu mwanzo. Huenda kosa halikuwa la mawe, bali langu. Nimelitafakari hilo kanisani, misa nzima.

Kisha nikapima tena. Duara lilikuwa dogo kwa nusu mita!

Kwa hiyo swali bado halijajibiwa, na sababu ni ya kisayansi: jaribio moja halithibitishi kitu, nami nina kaka mmoja tu. Mawe kumi na manne yatafika kesho.